Fahamu Dawa za Pumu: Ya Kutuliza na ya Kuzuia

Mtu mwenye pumu anapoingia katika duka la dawa, iwe katika barabara za Ngamiani jijini Tanga, iwe Muheza au karibu na stendi ya Korogwe, mara nyingi huomba kitu kimoja tu: dawa ya kufungua kifua. Huipata, huitumia, kifua hufunguka, naye hurejea katika shughuli zake. Baada ya wiki mbili tatu hurudi kununua tena. Dawa ile haina kasoro. Imefanya kazi iliyotengenezewa. Lakini kazi hiyo ni nusu tu ya matibabu ya pumu, na nusu ya pili haikuulizwa wala haikutajwa. Somo hili linahusu nusu hiyo ya pili, pamoja na mambo ambayo mtumiaji wa dawa za pumu anapaswa kuyajua kabla ya kutoa fedha yake.

Kinachotokea ndani ya kifua

Hewa tunayoivuta hupita katika mirija inayogawanyika kama matawi ya mti, ikizidi kuwa myembamba kadiri inavyoingia ndani ya mapafu. Kwa mtu mwenye pumu, ngozi laini inayotanda ndani ya mirija hiyo huwa imevimba na ni nyepesi kuudhika. Uvimbe huo hauondoki siku ambazo mgonjwa anajiona mzima. Hupungua au huongezeka, lakini upo. Anapokutana na kitu kinachouchokoza, kama vile moshi, vumbi, mafua au baridi ya alfajiri, mambo matatu hutokea kwa pamoja: misuli inayozunguka mirija hukaza, ngozi ya ndani huvimba zaidi, na ute mzito huongezeka. Njia ya hewa hubaki nyembamba. Kutoa hewa ndiko kunakomtaabisha zaidi mgonjwa kuliko kuivuta, na ule mlio kama wa filimbi unaosikika anapopumua ni sauti ya hewa inayojipenyeza katika njia iliyobanwa.

Dalili nyingine ni kifua kubana, pumzi kuwa fupi, na kikohozi, hasa usiku wa manane na alfajiri. Si lazima zije zote. Wapo watoto ambao dalili yao pekee ni kukohoa kila usiku, au kukohoa kila wanapokimbia. Alama kubwa ya pumu ni kwamba dalili huja na kuondoka, na huja kwa sababu. Kikohozi kisichoondoka kwa wiki mbili au zaidi, hasa kikiambatana na homa, kukonda au kutoka jasho usiku, kinahitaji kipimo cha kifua kikuu, ambacho hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Kifua kikuu huambukiza; pumu haiambukizi, wala haitokani na kunywa maji baridi au kuoga usiku.

Katika mkoa wetu, wazazi wengi hawapendi kulitaja jina la ugonjwa huu. Husema mtoto “ana kifua”. Huenda wanafanya hivyo kwa huruma, au kwa kuchelea kwamba mtoto wa kike ataonekana mgonjwa siku za posa zitakapofika. Lakini jina lina kazi yake. Mtoto “mwenye kifua” hupewa dawa ya kikohozi leo, antibayotiki mwezi ujao na sindano mwezi unaofuata. Mtoto mwenye pumu hufunguliwa faili, hupangiwa dawa na hupewa tarehe ya kurudi.

Nalo si jambo dogo. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu milioni 262 walikuwa na pumu mwaka 2019, na watu 455,000 walifariki dunia kwa sababu yake mwaka huohuo. Vifo vingi hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako ugonjwa hautambuliwi mapema na dawa ya kuzuia haimfikii mgonjwa.

Dawa mbili, kazi mbili

Dawa ya kutuliza inayojulikana zaidi ni salbutamol. Ikivutwa, huanza kufanya kazi ndani ya dakika chache na nguvu yake hudumu kwa saa nne hadi sita. Hulegeza misuli iliyokaza kuizunguka mirija, na ndiyo maana mgonjwa huhisi nafuu papo hapo. Lakini haiugusi uvimbe ulio ndani. Ni sawa na kuweka beseni chini ya bati linalovuja wakati wa masika: sakafu haitalowa usiku huo, lakini tundu liko palepale.

Dawa ya kuzuia ndiyo inayoshughulika na uvimbe. Majina utakayoyaona kwenye kasha ni beclometasone, budesonide au fluticasone. Zote ni steroidi za kuvuta, na zimo katika orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani au mbadala wake. Hutumiwa kila siku, mara nyingi asubuhi na jioni, hata siku ambazo mgonjwa hana dalili yoyote. Haimpi mtu nafuu anayoihisi dakika ileile. Matokeo yake huanza kuonekana baada ya siku kadhaa na hukamilika baada ya wiki kadhaa: usiku bila kikohozi, mtoto anayecheza mpira bila kusimama, mwezi unaopita bila kwenda hospitali. Hapa ndipo wengi wanapoiacha. Mtu huvuta dawa kwa siku tatu, hasikii chochote, akahitimisha kwamba ameuziwa dawa isiyo na nguvu. Mwingine huitumia kwa mwezi mzima, akapona dalili zote, akahitimisha kwamba ugonjwa umekwisha. Wote wawili hurudi kwenye dawa ya kutuliza.

Neno “steroidi” lina sifa mbaya, na sifa hiyo haikuzuka bure: vidonge vya steroidi vikitumiwa kwa muda mrefu bila usimamizi hudhoofisha mifupa, hupandisha sukari ya damu na shinikizo la damu. Lakini dawa ya kuvuta hupimwa kwa mikrogramu, yaani sehemu ya elfu moja ya miligramu, nayo hupelekwa moja kwa moja mahali penye ugonjwa. Madhara yake ya kawaida ni sauti kukwaruza na utando mweupe wa fangasi mdomoni, na yote mawili hupungua sana mgonjwa akisukutua kwa maji na kuyatema baada ya kila matumizi.

Ipo pia imani kwamba inhela ni dawa ya mwisho, na kwamba ukiianza huachi. Imani hii imewafanya wazazi wengi kuchagua vidonge kwa mtoto “asije akazoea”. Ukweli ni kinyume chake. Pumu yenyewe ndiyo ya muda mrefu. Dawa ya kuvuta ni njia ya mwanzo ya kuitibu, na mgonjwa ambaye hali yake imetulia kwa miezi kadhaa anaweza kupunguziwa kipimo na daktari wake.

Mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu unaofahamika kwa kifupisho GINA ulibadili jambo lililozoeleka kwa miongo mingi: haukupendekeza tena kwamba mtu mzima au kijana atibiwe kwa dawa ya kutuliza peke yake, hata kama pumu yake ni nyepesi. Kila mgonjwa anastahili kupata steroidi ya kuvuta kwa namna fulani, ama kila siku, ama ndani ya inhela moja iliyochanganya dawa mbili. Mchanganyiko wa budesonide na formoterol unaweza kutumika kwa kazi zote mbili, kuzuia na kutuliza, kwa maelekezo ya daktari. Mchanganyiko wenye salmeterol hauwezi kutumika kutuliza, kwa sababu huchelewa kuanza kufanya kazi. Usikubali kubadilishiwa mmoja kwa mwingine dukani kwa hoja kwamba “zote ni zilezile”.

Vilevile usitegemee rangi. Watu wengi wanajua “ya bluu” na “ya kahawia”, na mara nyingi rangi hizo hulingana na kazi ya dawa, lakini watengenezaji ni wengi na rangi si sheria. Soma jina la dawa lililoandikwa chini ya jina la kibiashara.

Hesabu ya makopo

Kipo kipimo ambacho kila mgonjwa anaweza kukifanya nyumbani bila kifaa chochote. Kopo la kawaida la salbutamol lina mipulizo 200, kila mpulizo ukiwa na mikrogramu 100. Hesabu ulinunua makopo mangapi katika miezi 12 iliyopita. Makopo matatu ni mipulizo 600, karibu mipulizo miwili kila siku, na wataalamu wameona kwamba anayefikia kiwango hicho yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata shambulio kali. Makopo 12, yaani moja kila mwezi, yanaambatana na hatari kubwa zaidi ya kifo. Dawa yenyewe haijageuka sumu. Idadi hiyo inaonyesha ugonjwa ambao haujadhibitiwa. Andika tarehe ya kununua juu ya kopo kwa kalamu isiyofutika. Ukikuta unahitaji dawa ya kutuliza zaidi ya mara mbili kwa wiki, au unaamka usiku kwa sababu ya kifua, rudi kwa daktari hata kama unajiona unaimudu hali yako.

Vidonge, sindano na gharama

Vidonge vya salbutamol hupendwa kwa sababu ni rahisi na bei yake ni ndogo. Tufanye hesabu nyingine. Kidonge kimoja cha miligramu 4 kina mikrogramu 4,000. Mipulizo miwili ya inhela ina mikrogramu 200. Mtu anayemeza kidonge ameingiza mwilini dawa mara 20 zaidi, nayo hupita tumboni, huzunguka katika damu na kufika kwenye mikono, ambayo hutetemeka, na kwenye moyo, ambao hudunda kwa kasi, kabla sehemu ndogo haijafika kwenye mapafu. Tena huchelewa. Mtu aliyebanwa hana muda wa kusubiri kidonge kiyeyuke.

Aminophylline inahitaji tahadhari zaidi, kwa kuwa kipimo kinachosaidia na kipimo kinachodhuru vimekaribiana mno. Haifai kuongezwa kwa kukisia, na sindano yake haipaswi kuchomwa dukani. Antibayotiki nazo hazitibu pumu. Huhitajika tu pale mtaalamu anapogundua maambukizi ya bakteria. Vidonge vya prednisolone vina nafasi yake: daktari huviandika kwa siku chache pale shambulio linapokuwa kali. Lakini mtu anayevinunua mwenyewe kila kifua kinapobana anapata madhara ya vidonge na kukosa faida ya dawa ya kuvuta.

Tunafahamu kwamba mwenye kipato cha siku kwa siku hulinganisha fedha iliyo mkononi na bei iliyo mezani, na kwamba inhela ya kuzuia ni ghali kuliko karatasi ya vidonge. Ulinganisho huo haukamiliki bila kuhesabu nauli ya usiku kwenda hospitali, siku za kazi zilizopotea na kitanda cha wodi. Kabla ya kununua, uliza kama dawa hiyo ipo katika kituo cha umma kinacholetewa dawa na Bohari ya Dawa, na kama bima yako inaigharamia. Muulize pia mfamasia kama ipo dawa hiyohiyo ya mtengenezaji mwingine kwa bei nafuu. Swali hilo ni haki yako na si aibu.

Namna ya kuvuta dawa

Inhela nzuri iliyovutwa vibaya ni fedha iliyopulizwa hewani. Tikisa kopo vizuri na uondoe kifuniko. Simama au keti wima. Toa pumzi nje mpaka iishe. Zungushia midomo kwenye mdomo wa inhela pasibaki mwanya, anza kuvuta pumzi polepole, na hapohapo bonyeza kopo mara moja huku ukiendelea kuvuta mpaka kifua kijae. Toa inhela mdomoni, zuia pumzi kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, kisha pumua. Kama umeelekezwa mipulizo miwili, subiri kidogo, tikisa tena na urudie. Kubonyeza mara mbili kwa mkupuo ni kosa la kawaida, na vivyo hivyo kubonyeza kwanza kisha kuvuta. Sehemu kubwa ya dawa huishia ulimini na kooni.

Watoto, wazee na mtu yeyote aliyebanwa sana hawawezi kulinganisha kubonyeza na kuvuta. Wao huhitaji chombo kiitwacho speisa, ambacho hushikilia dawa ili mgonjwa aivute kwa pumzi zake za kawaida. Kama hakipatikani, hali haijaharibika. Watafiti wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha mwaka 1999 matokeo ya majaribio kwa watoto waliopata shambulio la pumu, wakaonyesha kwamba chupa ya plastiki ya soda ya mililita 500, ikitayarishwa vizuri, ilifanya kazi sawa na speisa ya kununua. Chukua chupa safi ya nusu lita, ya maji au soda. Kata tundu katika kitako chake linalolingana kabisa na mdomo wa inhela, ingiza inhela, na uzibe mwanya kwa gundi au utepe ili hewa isipite. Mtoto huweka midomo kwenye shingo ya chupa. Bonyeza mara moja, mwache avute na kutoa pumzi ndani ya chupa mara tano au sita, kisha rudia kama umeelekezwa. Ioshe kwa maji na sabuni na uiache ikauke yenyewe bila kuifuta kwa kitambaa, kwa kuwa kusugua plastiki huifanya inase dawa kwenye kuta zake. Mtoto mdogo asiyeweza kufumba midomo kwenye chupa anahitaji barakoa. Muulize mhudumu wa afya.

Zipo pia inhela za unga mkavu. Hizo hazitikiswi wala hazibonyezwi. Huvutwa kwa nguvu na haraka. Baadhi hutumia vidonge vya ganda vinavyotobolewa ndani ya kifaa. Vidonge hivyo havimezwi. Na kwa kuwa hewa ya pwani ina unyevu mwingi, kifaa cha unga kifungwe mara tu baada ya kutumiwa na kisiwekwe bafuni.

Vichochezi vya pwani yetu

Vichochezi hutofautiana kati ya mtu na mtu, hivyo orodha iliyoandikwa Ulaya haimfai sana mkazi wa Pangani. Unyevu wa pwani huwapendelea utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho wanaokaa katika magodoro, mito na mazulia. Mto wa sufi wa miaka mingi, mtamu kwa kulalia, huenda ndio unaomkohoza mtoto alfajiri. Vitu hivi vianikwe juani mara kwa mara, na shuka na foronya zifuliwe kila wiki, kwa maji ya moto ikiwezekana. Wakati wa masika, ukungu unaoota ukutani uondolewe na sababu ya unyevu itafutwe.

Moshi ndio adui wa karibu zaidi: wa kuni, mkaa na vifuu jikoni, wa sigara, na wa dawa ya mbu ya kuchoma chumbani usiku. Chandarua huzuia mbu bila moshi. Kuhusu udi na ubani, hatusemi nyumba ya Kitanga ikose harufu yake. Tunachoomba ni kwamba chetezo kisifukizwe katika chumba anacholala mwenye pumu, na madirisha yawe wazi. Watoto wanaotoka pwani kwenda shule za Lushoto wapelekewe dawa zao kamili, kwa sababu baridi ya milimani huwabana wengi katika wiki za mwanzo, na mwalimu ajue inhela inakaa wapi.

Tanga ni mkoa wa mkonge tangu mmea huo ulipoletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na vumbi la mkonge si la kupuuzwa. Tafiti zilizofanywa kwa wafanyakazi wa viwanda vya mkonge nchini zilionyesha kwamba kikohozi, kupiga chafya na dalili nyingine za njia ya hewa ni nyingi miongoni mwao, hasa katika vyumba vya brashi, ambako nyuzi kavu husafishwa na vumbi hutanda. Anayefanya kazi huko, au katika saruji, chokaa, mbao au unga, ajichunguze kwa swali hili: je, kifua hutulia siku za mapumziko na kubana tena kazi ikianza? Kama ndivyo, mweleze daktari kazi yako kwa undani. Pumu inayotokana na kazi ni suala la Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na ugonjwa uliothibitika kutokana na kazi unaweza kufikishwa katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Kichochezi kingine hukaa katika rafu ya duka la dawa. Aspirini, ibuprofen na diclofenac huwabana vifua baadhi ya wenye pumu, wakati mwingine kwa ukali. Propranolol, inayotumiwa kwa shinikizo la damu na maradhi ya moyo, na hata matone ya macho ya timolol, ni hatari kwao. Kwa hiyo kabla hujanunua dawa ya maumivu ya mgongo, tamka kwanza: “Nina pumu.” Kwa wengi, paracetamol ni salama zaidi.

Mjamzito asiache dawa zake za kuvuta. Mtoto aliye tumboni hudhurika zaidi kwa mama kukosa hewa kuliko kwa dawa hizo.

Mwezi wa Ramadhani huleta swali ambalo wahudumu huulizwa kila mwaka. Dawa ya kuzuia ya mara mbili kwa siku inaweza kupangwa baada ya futari na wakati wa daku, bila kuruka kipimo. Kama inhela hufunguza au haifunguzi, wanazuoni wana kauli zaidi ya moja, na Mamlaka haina fatwa ya kutoa. Muulize sheikh wako kabla ya mwezi kuandama. Lakini aliyebanwa mchana atumie dawa yake hapohapo.

Shambulio linapotokea

Mketishe mgonjwa wima, usimlaze. Legeza nguo shingoni, fungua madirisha, waondoe watu wanaomzunguka. Mpe mipulizo minne ya dawa ya kutuliza kwa speisa au chupa, mmoja baada ya mwingine, akipumua mara nne kwa kila mpulizo. Subiri dakika nne. Kama hakuna nafuu, rudia vilevile huku mkitafuta usafiri, na endeleeni kumpa hivyo njiani mpaka mfike.

Usisubiri duru hiyo ya pili kuamua safari iwapo mgonjwa hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, midomo au kucha zimegeuka bluu au kijivu, mtoto anabonyea katikati ya mbavu, au mgonjwa anasinzia na kuchanganyikiwa. Na kama ule mlio wa filimbi umenyamaza ghafla ilhali mgonjwa bado anahangaika, hiyo si nafuu. Maana yake hewa karibu haipiti kabisa. Kituo cha karibu chenye oksijeni ndicho cha kukimbilia kwanza. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo inaweza kufuata baadaye.

Unaponunua na unapohifadhi

Nunua katika famasi au duka la dawa muhimu lenye kibali kilichobandikwa ukutani, na uombe risiti. Duka la dawa muhimu lina orodha maalumu ya dawa linazoruhusiwa kuuza. Likikuelekeza famasi, halikukunyima huduma. Kagua jina la dawa, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi, jina la mtengenezaji, na kama kasha limefunguliwa. Orodha ya dawa zilizosajiliwa inapatikana katika tovuti ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), chombo kilichokuwa kikiitwa TFDA hadi mwaka 2019. Kama inhela ina kihesabio, kifuate. Kama haina, hesabu mipulizo unayotumia. Desturi ya kutumbukiza kopo ndani ya maji ili kuona kama linaelea haitegemeki, na maji huweza kuziba tundu.

Makasha mengi huelekeza dawa isihifadhiwe katika joto linalozidi nyuzi 30. Wakati wa kaskazi, joto la mchana Tanga huvuka kiwango hicho kivulini, seuze ndani ya gari lililofungwa au katika mfuko unaoning'inia kwenye usukani wa baiskeli juani. Iweke mahali penye baridi zaidi ndani ya nyumba, mbali na jiko na bati. Kopo lisitobolewe wala kutupwa motoni hata likiisha, kwa kuwa lina gesi iliyoshindiliwa.

Jihadhari na matangazo ya redioni, katika vipaza sauti vya minadani na kwenye simu yanayoahidi kumaliza pumu kabisa kwa dozi moja. Kwa Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura 219, tangazo la dawa linahitaji idhini ya Mamlaka kabla halijatolewa. Dawa za asili nazo zina msajili wake, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Asali na habasoda ni vyakula vyema na hakuna anayezikataza mezani, lakini haziwekwi mahali pa dawa ya kuzuia. Unga au mchanganyiko usio na jina la viambato unaokupa nafuu ya ajabu ndani ya siku mbili unaweza kuwa umechanganywa na steroidi kwa siri; watengenezaji wa aina hiyo wamebainika katika nchi nyingi. Ukiacha kuutumia ghafla baada ya muda mrefu unaweza kuzidiwa, kwa hiyo mweleze daktari ulichokuwa ukikitumia, bila kuficha.

Ukipata madhara usiyoyatarajia, au ukipata inhela isiyotoa dawa, inayovuja au unayoitilia shaka, usiitupe. Mweleze mhudumu wa afya, ambaye ana fomu ya kuripoti madhara ya dawa, au mfamasia wa wilaya yako, au ofisi ya kanda ya Mamlaka. Taarifa hupokelewa bila malipo na jina la mtoa taarifa hutunzwa kwa siri. Nenda na dawa yenyewe, kasha lake, karatasi ya maelezo iliyokuwa ndani na risiti, kwa sababu namba ya toleo iliyoandikwa kwenye kasha ndiyo inayowezesha wakaguzi kulitafuta toleo zima madukani.